Noti ya Chini na Mabati ya Baba

Mabati ya kanisa letu yalitoka kwenye depo ya baba yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye kila mtu parokiani alilisema, na aliyelisema mara nyingi kuliko wote alikuwa baba mwenyewe.

Nilikuwa nimerudi Goma kutoka Kinshasa na diploma ya uimbaji, uimbaji ule wa opera, ambao mtu huusomea miaka ili aweze kujaza ukumbi mkubwa kwa sauti yake bila mikrofoni. Nyumbani, mtaa wa Katoyi, walinichinjia kuku, tukala, kisha wakatulia wakinitazama. Nilijua swali linakuja. Ndani ya ndege nilikuwa nimepanga maelezo ya namna tatu: mafupi ya majirani, ya wastani ya mama, na marefu ya baba, yaliyoanza na historia ya Italia. Baba alipangusa mikono, akauliza kwa Kiswahili chetu cha Goma, ambamo “ndiyo” huwa “njo” na “watu” huwa “batu”:

“Bon. Hiyo kuimba, nani njo anakupatia kazi?”

Historia ya Italia haikuwa na jibu la hilo.

Baba ni mtu wa Butembo, mji wa wafanyabiashara, na anaamini kwamba kitu kisichoweza kupakiwa kwenye lori si kitu. Anauza mabati, misumari na saruji. Wakati ule alikuwa na depo mbili, kubwa ikiwa Kiwanja, karibu na Rutshuru, na ndogo ikiwa hapa mjini, Mapendo. Alifikiri kidogo, akatoa hukumu bila ukali wowote, kama anayepanga safari ya mzigo. Nilipewa mpaka sikukuu ya parokia. Nikiwa nimeshapata kazi ya hiyo sauti, sawa. La sivyo ningekwenda Kiwanja kukaa depo, na diploma ningeitundika huko huko, juu ya masanduku ya misumari.

“Na ukuta wa kule ni muzuri,” alisema mama, ambaye kila jambo hulitafutia upande wake mwema.

Mimi ni besi. Katika kwaya, besi ndiyo sauti ya chini kabisa ya wanaume, na kwa kawaida mwenye nayo huwa mtu wa kifua na shingo. Mimi ni mwembamba. Nikiimba mbele ya wageni, wao hutazama nyuma yangu kumtafuta anayeimba. Mwalimu wangu Kinshasa alikuwa akisema nimemeza mtu mwingine. Alisema pia kwamba nina kasoro moja tu, ya kufikiri kupita kiasi. Maneno hayo niliyafikiria muhula mzima.

Goma haina jumba la opera, na sikurudi nikidhani limejengwa nikiwa sipo. Lakini nilikuwa na bahati. Mwezi ule ule padri wetu alitangaza kwamba parokia inatafuta mwalimu wa sauti, mtu wa kufundisha kwaya zote pamoja na watoto wa shule ya parokia. Kazi yenye mshahara, tena karibu na nyumbani. Nilikwenda kumwona. Njiani nilijiuliza kama nimpe diploma kwa mkono wa kulia na kumsalimu kwa wa kushoto, au niiweke kwapani ili mikono yote iwe huru, na nilipofika nilikuwa nimeiweka kwapani kwa muda mrefu hadi ikalowa jasho. Padri, mtu mkubwa mtulivu kutoka upande wa Beni, aliipokea kwa ncha za vidole, akaisoma mbele na nyuma.

“Hii miye sijui kuisoma,” alisema. “Jumapili kuja, uimbe kitu. Batu bakusikie.”

Nilichagua wimbo wa Kilatini wa kutafakari baada ya komunyo. Ulikuwa unashuka polepole, ngazi baada ya ngazi, na mwishoni unakaa juu ya noti ya chini kabisa niliyo nayo, noti ambayo mtu anaisikia tumboni kabla ya masikioni. Noti hiyo ilinigharimu miaka miwili. Kinshasa, nilipoiimba kwenye mtihani, mmoja wa watahini alivua miwani.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mimi, mzaliwa wa Goma, nilikuwa nimelisahau kwa kukaa mbali. Mtu wa Goma ana sikio la mabati. Volkano ikitaka kutoka, hutangulia kutikisa ardhi, na kabla mtu hajaisikia ardhi miguuni, mabati ya nyumba huanza kuimba juu ya kichwa: nzzzz, kama nyuki ndani ya debe. Mizinga mikubwa ikilia mbali, ni vilevile. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna anayesubiri kuelezwa. Bati likisema nzzzz, mtu mzima anaacha sahani na kutoka nje, bila kelele, kama anayekumbuka kwamba ameanika nguo.

Katika parokia yetu aliyekuwa na sikio bora kuliko wote alikuwa mama mmoja mjane aliyekaa kwenye benchi la mwisho, upande wa mlango. Volkano ilikuwa imemkimbiza mara mbili na vita mara ambazo mwenyewe alikuwa ameacha kuzisimulia. Alikuwa na mkoba mweusi ambao hakuuweka chini hata siku moja, ndani yake mna karatasi zake za nyumba, kitenge, mkate, na kandambili za kukimbilia. Kanisa zima lilimtegemea. Kama mkoba uko magotini, tunasali. Mkoba ukipanda begani, misa imekwisha.

Niliimba nimefumba macho, kwa sababu nikiyafumbua nafikiri. Nilishuka ngazi zangu vizuri. Nilipofika kwenye noti ya chini nilihisi kanisa lote linaitikia: kuta, mabenchi, hata hewa. Nilisikia pia mvumo mtamu juu yangu. Nikajisemea, hii ndiyo akustiki waliyotufundisha. Nikaishikilia. Niliishikilia kuliko siku ya mtihani. Kisha nikamaliza, nikangoja ukimya, nao ukimya ukaja, mkubwa ajabu, na nikafumbua macho.

Kanisa lilikuwa tupu. Alibaki padri, kwa kuwa hakuweza kuacha altare, alibaki mkuu wa kwaya, ambaye sote tulimwita Maestro, akiwa ameshika kinanda chake kwa mikono miwili tayari kukibeba, na alibaki mzee mmoja kiziwi wa benchi la mbele, aliyekuwa akinipigia makofi.

“Umemaliza?” aliuliza padri.

“Ndiyo, Padiri.”

“Basi enda ubaite.”

Nilikwenda mlangoni. Waumini walikuwa wamejipanga uani, wengine wanatazama mlima wa volkano, wengine wanatazama upande wa Sake, ambako mizinga hulia, wamegawana hatari zao vizuri. Mama wa mkoba alinitazama kuanzia viatuni.

“Kumbe ni weye?” alisema. “Mutoto, uko na nini ndani?”

Baba alikuwa amesimama kando, ameshavua koti. Tulipofika nyumbani hakuzungumzia sauti yangu.

“Bako nasema manjanja ya kanisa ni mepesi,” alisema. Manjanja ndiyo mabati kwa lugha yetu. “Manjanja yangu. Mbele ya batu yote.”

“Papa, si mabati, ni mtetemo wa...”

“Manjanja yangu inavumilia mvua ya mawe. Ilivumilia majivu ya volkano. Leo njo inashindwa juu ya mutoto wangu?”

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo kwa upande huo, na nililiwaza wiki nzima.

Padri hakunikataa. Aliniita, akanipa kiti, akaniambia sharti lake kwa maneno machache. Ningeimba tena siku ya sikukuu ya parokia, wimbo uleule. “Batu bakibaki ndani mupaka mwisho, kazi ni yako. Bakitoka, mwalimu mwenye anakimbiza batu nitamupatia banafunzi gani?” Kwa hiyo sikukuu ile ikawa na kazi mbili, moja ya baba na moja ya padri, na zote zilikuwa juu ya noti moja.

Maestro alijitolea kunisaidia. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari na aliamini kwamba kila tatizo lina mahali linapoanzia. Tukawa tunakutana kanisani mchana, yeye anatembea huku na huku na ufito, anagusa dari, mimi namtolea noti.

“Wewe Kinshasa, toa.”

Natoa.

“Ni lile pale, juu ya Bikira Maria. Sogea kushoto. Toa tena.”

Nasogea, natoa. Lile la juu ya Bikira Maria linanyamaza, la juu ya mlango linaanza. Akanisimamisha karibu na sakristia, likaitika la kwenye kisanduku cha maungamo. Mwishowe akasema tupandishe wimbo wote noti moja, na noti ya chini isiwepo tena. Tukapandisha. Bati jingine, ambalo halijawahi kutusumbua, likaamka. Maestro aliketi kwenye benchi akafuta shingo. Tuligundua kwamba kila noti yangu ilikuwa na bati lake, kama vile lilinunuliwa kwa ajili yake.

“Twende kwa baba yako,” alisema. “Aongeze misumari.”

Nilimwomba asiende. Akaenda. Sijui waliambiana nini ndani ya depo ya Mapendo, ila Maestro alirudi na pakiti moja ya misumari na uso wa mtu aliyeonewa, akasema baba amempa kama sadaka tu, na si kwa kukiri lolote.

Misumari ile haikupigiliwa, kwa sababu vita vilifika Kiwanja.

Habari zilikuja kama zinavyokuja siku zote, kwanza simu nyingi, halafu hakuna simu. Baba alipiga mpaka betri ikaisha, akaazima simu ya mama, akaendelea. Mfanyakazi wake wa kule alitokea siku chache baadaye na mke na watoto, mzima, bila ufunguo wala mlango wa kufungua. Baba alimkalisha, akampa chai, akamwambia maneno ambayo sikumsikia kuyasema tena maishani: “Mabati itakuja ingine.” Kisha akanigeukia. Depo ya Kiwanja haikuwepo tena. Hiyo haikumaanisha nimepona. Ilimaanisha depo ya Mapendo ndiyo iliyobaki kulisha nyumba zote mbili, yetu na ya mfanyakazi, na ilihitaji mtu.

“Sikukuu njo siku,” alisema. “Sibadilishi kitu.”

Watu wengine kutoka Rutshuru na milima ya Masisi walijaa uani mwa parokia. Asubuhi moja tulikuta maturubai meupe yamefungwa kutoka ukuta wa kanisa hadi darasa la kwanza, majiko ya makaa kati ya mawe meusi ya volkano, na nguo za watoto juu ya uzio wa padri. Kanisani hapakuwa na nafasi ya mazoezi tena, kulikuwa na wagonjwa na mizigo siku za kazi. Kwa hiyo nilihamia nje, nyuma ya sakristia, nikaanza kupasha sauti nikiwa nimefunga mdomo, mmmmm, kutoka juu kwenda chini, kwa aibu kubwa. Nilifikiri: hawa wamepoteza kila kitu, nami nasimama hapa navuma. Nilifikiri pia: nikiacha, watajua nimeacha kwa sababu yao, na hiyo ni dharau nyingine. Nilikuwa bado katikati ya hoja hiyo mzee mmoja alipokuja na kigoda chake, akakiweka mbele yangu, akaketi.

Alikuwa mfugaji kutoka milima ya Masisi, mrefu, na koti la mvua na fimbo.

“Fanya tena,” alisema.

“Gani, muzee?”

“Ile ya ng’ombe.”

Nilimweleza kwamba si ya ng’ombe, ni zoezi la kuunganisha kifua na kichwa, lililobuniwa Ulaya. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

“Sawa,” alisema. “Fanya.”

Nikafanya. Alifumba macho. Nilipofika chini kabisa alitikisa kichwa kidogo.

“Bado. Dume langu lilikuwa naenda chini zaidi. Lakini uko mutoto, utafika.”

Nilimuuliza yuko wapi huyo dume. Akaninyooshea fimbo upande wa milima, ambako tangu asubuhi kulikuwa na moshi, akairudisha fimbo magotini. Toka siku ile alikuja kila mara. Hakuwahi kusema nimeimba vizuri. Alisema tu lipi lilikaribia: hili la jike, hili la ndama mwenye kiu, hili sasa, hili ni lenyewe kabisa, mara ngoja, hapana. Nilianza kuwaza, nikirudi nyumbani, kama nimesomeshwa miaka yote hiyo ili nimfikie ng’ombe mmoja wa Masisi. Ila lazima niseme kwamba noti yangu ya chini haijawahi kuwa nzuri kama ilivyokuwa majuma yale.

Suala la mabati lilibaki palepale, na padri ndiye aliyepata dawa yake. Kama hatuwezi kunyamazisha mabati, alisema, tutawafundisha watu. Akaanza kutangaza baada ya kila misa, kati ya ndoa zilizokaribia na mkutano wa akina mama:

“Bapenzi, siku ya sikukuu mutasikia sauti. Ni ya mutoto wetu. Siyo volkano. Siyo bombe. Mabati italia kidogo, ni kawaida. Mutabaki mumekaa.”

Jumapili ya kwanza watu walicheka. Ya pili walianza kuniangalia kwa upole, kama mtu mwenye ugonjwa usioambukiza. Ya tatu mama wa mkoba alisimama katikati ya matangazo, akaomba neno, akasema mbele ya wote kwamba yeye, ambaye hajawahi kungoja bati limalize kulia, siku hiyo atabaki ameketi. Alipigiwa makofi. Nilitaka kuingia chini ya benchi. Nyumbani mama aliniambia hiyo ni heshima ambayo hata askofu hajaipata.

Sikukuu ikafika. Kanisa lilijaa mpaka kwenye madirisha. Baba alikaa benchi la mbele na shati lake la kitenge lililopigwa pasi, karibu na yule mfanyakazi wake wa Kiwanja, na baba alikuwa na uso ambao sikuufahamu kwake, na ilinichukua muda kutambua kwamba anajivuna. Baada ya komunyo Maestro alinipa ishara. Nilisimama mbele ya kwaya, nikavuta pumzi, nikaangalia nyuso zile zote zilizojiandaa kutoogopa, na kabla sijafungua mdomo, mabati yakaanza.

Nzzzz.

Yalianza juu ya Bikira Maria, yakaenda mlangoni, yakarudi. Nilisikia miguuni kitu kama lori linapita chini ya sakafu. Hakuna aliyetikisika. Waumini wote walikaa wima wakinitazama na kutabasamu. Mama wa mkoba alinipungia vidole, kunitia moyo. Baba aligeuka nyuma kuhakikisha kwamba wote wameketi, akaridhika, akanigeukia.

Mimi nilikuwa bado sijatoa hata pumzi.

Najua mambo haya yalitokea kwa muda mfupi sana, lakini kichwa changu hakijui ufupi. Nilifikiri: nikinyamaza, watabaki. Wakibaki, kazi ni yangu. Pengine ni mtikisiko mdogo tu, unapita kama inavyopita mingi. Lakini kama si mdogo, hawa watu wamekaa kwa sababu yangu, na mama yule amekaa kwa sababu ya ahadi. Nikisema, watatoka, na sharti la padri limevunjika, na nitauza misumari mpaka nizeeke. Lakini nikianza kuimba sasa hivi, mtikisiko ukiisha utaonekana ni wimbo. Huo ungekuwa mwanzo mzuri wa kazi ya sanaa, kusingiziwa tetemeko la ardhi. Nikamtazama baba. Alikuwa anatazama juu, kwenye mabati yake, na midomo yake inasema kitu kama, vumilia.

“Siyo mimi,” nilisema.

Hakuna aliyesikia. Miaka yote ile ya kujaza ukumbi, na sikusikika hata na Maestro.

“Siyo mimi,” nikasema tena, safari hii kwa kifua chote, kwa ufundi wangu wote, na sauti ikashuka moja kwa moja kwenye noti ileile, na mabati yakaitika mara mbili zaidi. Matabasamu yakapanuka. Mtu mmoja nyuma alisema, “Anaanza muzuri.”

Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Nilisimama hivyo, mbele ya parokia nzima, nimejiziba kama mtoto aliyetukana, na mabati yakaendelea kulia bila mimi. Mama wa mkoba aliniangalia mikono. Kisha akaangalia juu. Kisha akaniangalia mikono tena, nami nikatikisa kichwa: siyo mimi, mama. Tabasamu lake likakunjwa polepole, likawekwa mahali pake. Akapandisha mkoba begani.

Kanisa lilitoka vizuri kuliko siku ya kwanza, kwa vile sasa lilikuwa na mazoezi. Padri alibeba komunyo, Maestro kinanda, baba alimshika yule mzee kiziwi. Tulipokuwa sote tumeshafika uani, ardhi ilijitikisa mara moja ya nguvu, na ndani tukasikia kitu kinaanguka. Baadaye tulikuta ni kipande cha plafon, yaani dari, kimelalia benchi la mabesi. Mabati yenyewe hayakuanguka hata moja, na mwaka mzima uliofuata sikupata nafasi ya kulisahau hilo.

Uani, watu wa maturubai walikuwa wameketi kwenye mawe na vigoda vyao, karibu na majiko, kwa kuwa wao walikuwa tayari nje. Walitutazama tunavyojaa kati ya sufuria zao na nguo zetu za sikukuu. Mzee wa Masisi aliinuka akasogeza kigoda chake.

“Na nyie mumekimbia?” aliuliza. “Karibuni. Muangalie ile sufuria, iko na maharagi.”

Tukakaribishwa. Akina mama wa kambi walisogea, wakatandika vitenge, wakamkalisha mama wa mkoba juu ya dumu la maji. Tulingoja. Ardhi ilitulia. Hakuna aliyetaka kurudi chini ya paa, na padri, ambaye hawezi kuacha misa katikati, aliazima meza ya mtu mmoja, iliyokuwa na masinia, akaipangusa, akaweka kitambaa.

“Tulikuwa tumefika kwa wimbo,” alisema.

Nikaimba. Sikufumba macho, kwa kuwa nilitaka kuona nani ataondoka. Nilishuka ngazi moja moja, na nilipofika kwenye noti ya chini hapakuwa na kitu juu yangu cha kuitikia, isipokuwa maturubai yaliyopepea kidogo kama kawaida yake. Noti ilienda mbali, peke yake, juu ya vichwa na moshi wa makaa. Mtoto mchanga aliyekuwa akilia alinyamaza kusikiliza, halafu akalia zaidi. Nikaishikilia. Na katika ukimya uliofuata, kabla padri hajasema tuombe, sauti ya mzee wa Masisi ilisikika wazi:

“Njo yenyewe.”

Baada ya misa kulikuwa na kesi. Padri alisimama na mikono nyuma, akanikumbusha sharti: watu wasitoke. Maestro, kwa mara ya kwanza upande wangu, alisema hesabu ni hesabu: walitoka kabla wimbo haujaanza, na tangu ulipoanza hakutoka mtu.

“Batoke baende wapi?” aliuliza padri. “Balikuwa inje.”

Wakamwita mama wa mkoba atoe ushahidi. Alikuja, mkoba kifuani.

“Miye nilitoka juu ya mutikisiko,” alisema. “Siyo juu ya mutoto. Mutoto njo alisema ukweli wakati tulikuwa nacheka kama bajinga. Lakini ndani ya kanisa asiimbe, Padiri. Siku ingine sitajua ni nani kati yao wawili.”

Padri alifikiri, akatoa hukumu. Kazi nikapewa, Jumanne na Alhamisi, na ingefanyika uani, si chini ya paa, kwa wanakwaya, kwa watoto wa shule, na kwa yeyote wa kambi anayetaka. Nilimtazama baba. Alikuwa ameinua uso kuangalia paa la kanisa, lote zima, likimetameta.

“Jumanne na Alhamisi,” alisema bila kunitazama. “Siku zenye zinabaki, uko depo.”

Nilifikiri niseme kitu kuhusu Italia. Nikasema, “Ndiyo, papa.”

Jumanne ya kwanza nilifika mapema nikiwa na masomo yaliyopangwa ya mwezi mzima, ambayo hayakutumika. Mzee wa Masisi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake, na alikuwa amewaleta wazee wengine wawili, wafugaji pia, ambao waliniangalia kama watu wanaokuja kununua. Mama wa mkoba alijiunga na sauti ya pili, ya alto. Nilianza na pumzi. Niliwaambia waweke mikono tumboni, wavute hewa hadi chini, na wote wakaweka, isipokuwa yeye, kwani tumboni kwake palikuwa na mkoba.

“Mama,” nilimwambia, “ukikumbatia mkoba, pumzi haishuki. Uweke chini kidogo.”

Aliangalia mlima. Aliangalia upande wa Sake. Kisha akaangalia juu, ambako hapakuwa na bati lolote, akaushusha mkoba taratibu hadi kwenye jiwe jeusi kati ya miguu yake, akauzungusha mkanda wake kwenye kifundo cha mguu, mara mbili, akakaza.

“Haya, mwalimu,” alisema. “Imba. Lakini upesi.”